Nuru Yenye Zamu

Sisi watu wa pwani huanza kuihesabu siku jua linapozama. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anamaanisha usiku unaoitangulia Ijumaa, ule ambao wengine wangeuita Alhamisi usiku, na vijana waliozoea kalenda za ukutani hupishana naye kila mara juu ya tarehe ya mkesha au ya arusi. Mzee hana kosa. Atakayefungua sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo ataona kwamba huko nako jioni hutajwa kabla ya asubuhi, na siku ya kwanza ya ulimwengu inahesabiwa kutoka gizani kwenda kwenye mwanga. Saa yetu nayo hulifuata jua: jua likishazama tunahesabu saa moja ya usiku, saa mbili, saa tatu, mpaka saa sita, ambayo ni kitovu cha giza.

Tumeanza na hesabu hii kwa sababu tunataka kusimulia habari za kiumbe kinachohesabu hivyohivyo. Hakina macho wala ubongo. Mwili wake wote ni chembe moja, na ukivipanga 25 kwa mstari ndipo vinapotimiza urefu wa milimita moja. Kinaelea baharini, kinatoa nuru usiku, na kinajua saa.

Mkwaja ni kijiji cha wilaya ya Pangani, kusini ya mji wa Pangani, karibu na hifadhi ya taifa ya Saadani. Mbele yake, ng'ambo ya mkondo, karibu kilomita 50, iko Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Wengi wa wakazi wake ni Waislamu, nasi Wakristo wa pwani hii tumezoea kuwa wachache na kuishi kwa ujirani. Jambo moja la Mkwaja ambalo watu wa mijini hawanalo ni giza. Upande wa bara palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe iliyoanzishwa miaka ya 1950 na kufungwa mwaka 2000, kisha ardhi yake ikaingizwa katika hifadhi, na hifadhi ya Saadani ikatangazwa rasmi kuwa ya taifa mwaka 2005. Mahali pa ng'ombe wamerudi tembo na kuro. Tembo hawawashi taa, na ndiyo maana usiku wa Mkwaja bado ni usiku kweli.

Katika usiku kama huo, mwezi ukiwa haujatoka, bahari huweza kuwaka. Haiwaki kila siku wala kila msimu, lakini inapowaka mtu haisahau. Kasia likizama, maji hutoa cheche za samawati. Mkono ukitiwa majini hutoka na vitone vinavyong'aa, vikazimika kabla hujasema neno. Ngalawa ikikata maji huacha nyuma yake njia nyeupe, nayo njia hiyo hufifia polepole. Wavuvi wa pwani nyingi za dunia wameijua nuru hii na kuitumia: samaki wakikimbia chini ya chombo huchora mistari ya mwanga, na nahodha mwenye jicho zuri husoma kutoka mistari hiyo kama ni kundi kubwa au dogo, na linaelekea wapi. Wanajua pia hasara yake. Wavu nao huwaka, samaki akauona na kugeuka.

Nuru ya namna hii haikosi kusemwa mengi. Wapo waliosema ni moto wa majini, na si watu wa zamani tu. Tunao ndugu waliobatizwa, wanaoshika komunyo, ambao wakiona maji yanawaka hunyamaza na kutoa mguu wao majini haraka. Hatuwacheki. Mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba bahari ina wenyewe haachi hofu hiyo mlangoni mwa kanisa kama anavyoacha kandambili. Lakini hofu hiyo ina gharama. Humfanya mvuvi atafute kinga kwa watu wanaouza kinga, na kinga hiyo hulipwa kwa fedha ambayo ingenunua wavu.

Wenye elimu nao waliwahi kubahatisha. Katikati ya karne ya 18, Benjamin Franklin wa Marekani, yule aliyechunguza radi, alidhani kwamba nuru ya bahari ni umeme unaotokana na chumvi na maji kusuguana. Rafiki yake James Bowdoin wa Boston akamwandikia mwaka 1753 kwamba huenda ni viumbe hai vidogo mno vinavyoelea majini. Franklin alikwisha kuona mwenyewe kwamba maji ya bahari yakitiwa chupani hung'aa yakitikiswa, lakini baada ya muda huacha. Kama ni chumvi, mbona chumvi ingali chupani? Akakubali kwamba dhana yake ina shida. Tunapenda kisa hiki kwa sababu ya wepesi wa mtu mkubwa kubadili neno lake mbele ya chupa ya maji. Katika miaka ya 1830 Mjerumani Christian Ehrenberg alivitazama viumbe hivyo kwa hadubini na kuandika kitabu kizima juu ya nuru ya bahari, na tangu hapo haikuwa tena dhana.

Katika miaka ya 1880 Mfaransa Raphaël Dubois aligundua kwamba nuru ya viumbe hai hutokana na vitu viwili vinavyokutana: kimoja kinachounguzwa na kingine kinachokiwezesha kuungua bila kutoa joto. Akaviita lusiferini na lusiferasi. Hapa msomaji wa kanisani atashtuka, na inafaa tutulie kidogo. Neno *lucifer* ni la Kilatini, na maana yake ni mleta nuru. Warumi waliliita hivyo nyota ya alfajiri. Biblia ya Kilatini ililitumia neno hilo katika Isaya 14, palipo na maombolezo juu ya mfalme wa Babeli, na kutoka hapo likaja kuwa jina la Shetani katika mafundisho ya watu. Lakini Biblia hiyohiyo ya Kilatini ililitumia tena katika Waraka wa Pili wa Petro, sura ya kwanza, panaposemwa juu ya nyota inayozuka mioyoni mwa waaminio, na hapo hakuna anayeweza kusema ni Shetani. Katika karne ya nne alikuwako hata askofu mwenye jina hilo, Lucifer wa Cagliari, aliyepelekwa uhamishoni kwa kuutetea Uungu wa Kristo. Basi Dubois hakutaja pepo. Alitaja nyota ya asubuhi, kwa lugha aliyofundishwa shuleni.

Kabla hatujaendelea na wanasayansi, turudi kwenye mkondo ulio kati ya Mkwaja na visiwani, kwa sababu usiku wa maji haya una historia inayolihusu kanisa letu moja kwa moja.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na kuiangusha mikarafuu. Pemba ilinusurika, na mashamba yake yakahitaji watu wa kuyafanyia kazi. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la Unguja. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pa soko lile, nalo ndilo Kanisa Kuu la Kristo ambalo Askofu Edward Steere alilisimamia mpaka likasimama. Habari hizi tunazisimulia kila mara kwa furaha, na ni haki. Ila mara nyingi tunaishia hapo, kana kwamba sahihi ya Sultani iliwafungua watu wote siku ile.

Haikuwa hivyo. Misafara iliyozuiwa kupakia kusini ilitembezwa kwa miguu ikifuata pwani kuelekea kaskazini, na kutoka sehemu za Pangani watu walivushwa usiku kwenda Pemba katika majahazi na mashua. Kuanzia miaka hiyo ya 1870 Waingereza waliiweka manowari yao *London* katika bandari ya Unguja, na boti zake zilizunguka kuvikamata vyombo hivyo. Kazi hiyo haikuwa ya mchezo: Desemba 1881 nahodha wa manowari hiyo, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokikaribia chombo kilichopakia watumwa. Watoto waliookolewa katika misako ya namna hiyo walilelewa na misheni huko Mbweni na Kiungani, na kutoka kwao walitokea walimu, na baadaye mapadri, wa pwani na wa bara. Ukiyafuata majina ya familia za zamani za kanisa letu utafika, bila kwenda mbali, kwenye mtu aliyevuka maji haya akiwa amefungwa.

Tunalitazama jambo hili tukiikumbuka nuru. Wafanyabiashara wale waliuchagua usiku ili wasionekane. Lakini maji yanapokuwa na viumbe hivi, chombo hakiwezi kupita gizani bila kuacha njia inayong'aa nyuma yake, na kasia haliwezi kuzama bila kujitangaza. Wataalamu wa bahari hueleza faida ya nuru hiyo kwa kiumbe chenyewe kwa maneno yanayokaribiana na haya: anayekuja kukila hukitikisa, nacho humulika, na mmuliko huo humwonyesha mlaji kwa adui zake mwenyewe walio wakubwa zaidi. Ni king'ora cha mnyonge asiye na silaha nyingine. Mtunga Zaburi ya 139 aliyesema kwamba giza halimfichi mtu mbele za Mungu hakuwa akifikiria mkondo wa Pemba. Sisi tunaoishi kando yake tunaruhusiwa kuufikiria.

Sasa tuje kwenye saa.

Katika miaka ya 1950, huko La Jolla, California, katika taasisi ya Scripps inayochunguza bahari, mwanabotania Beatrice Sweeney alikuwa akikuza ndani ya vyupa kiumbe kimoja cha jamii ya dinoflajelata, ambacho wakati huo kiliitwa *Gonyaulax polyedra*. Jamii hii ndiyo inayowasha sehemu kubwa ya nuru inayoonekana juu ya maji katika bahari za dunia, na yetu ikiwemo. Alishirikiana naye kijana wa kemia, J. Woodland Hastings, ambaye utotoni aliimba katika kwaya ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane huko New York. Hastings alitaka kuijua kemia ya nuru ile. Lakini chembe zilezile, zikitikiswa mchana, zilitoa nuru hafifu, na zikitikiswa usiku zilitoa nuru mara nyingi zaidi, na kilele chake kilikuwa usiku wa manane.

Mtu angesema: ni jambo gani hilo? Mchana kuna jua, usiku hakuna, kiumbe kimeona giza kikawaka. Basi wakafanya jaribio ambalo mtoto wa darasa la tano angelielewa. Walivitoa vyupa kwenye mzunguko wa mwanga na giza, wakaviweka mahali pasipo mchana wala usiku, penye mwanga hafifu usiobadilika, na joto lilelile saa zote. Nuru ikaendelea kupanda na kushuka. Siku ya kwanza ilipanda, ya pili ikapanda, ya tatu, na kuendelea siku nyingi, kila baada ya muda ulio karibu na saa 24. Hakuna kilichoiambia chembe ile kwamba nje kumekuchwa. Ilikuwa nayo saa ndani yake.

Wakajaribu tena kwa joto. Mambo ya kemia huenda mbio joto likizidi, kama unga wa maandazi unavyoumuka haraka siku ya jua kali. Wakategemea kwamba vyupa vikiwekwa mahali pa joto zaidi saa itakimbia. Haikukimbia, ilibaki karibu palepale. Wakajaribu pia kuwasha taa kali katikati ya usiku wa chembe zile, na hapo saa ilisogea: chembe zilizomulikwa saa isiyo yake zilianza kuhesabu upya, nyingine zikachelewa, nyingine zikawahi, kutegemea taa ilikuja saa ngapi. Kwa hiyo saa ya ndani haimtegemei jua ili itembee, lakini humtazama kila siku ili isipotee. Makala walizochapisha mwaka 1957 na 1958 ziliwafundisha wengi kwamba hata kiumbe cha chembe moja kina saa. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Wamarekani watatu waliofumbua jinsi saa kama hiyo inavyofanya kazi ndani ya nzi wa matunda. Binadamu naye anayo, na ndiyo sababu anayefanya zamu ya usiku hospitalini au kiwandani huchoka uchovu usioisha kwa kulala mchana.

Sehemu iliyotushika zaidi iligunduliwa baadaye, katika miaka ya 1980, na Hastings pamoja na wenzake. Walitaka kujua lusiferasi ya usiku huenda wapi mchana. Je, imefungiwa mahali? Walikuta kwamba katika kiumbe kile haifungiwi. Asubuhi huvunjwa. Chembe hubomoa lusiferasi yake, na pamoja nayo vifuko vidogo vinavyobeba nuru, hata vikabaki karibu sehemu moja ya kumi ya vile vya usiku. Jioni inapofika huvijenga tena, vipya. Jamaa wengine wa jamii hiyo hawafanyi hivyo. Wao huihamisha nuru kutoka ukingoni mwa chembe kuipeleka katikati, na usiku huirudisha. Lakini huyu wa California hubomoa na kujenga, kila siku ya maisha yake.

Ukilipima kwa akili ya uchumi, ni ubadhirifu. Kwa nini kubomoa asubuhi utakachokihitaji jioni? Sisi tuliosoma Kutoka 16 tunakumbuka watu wengine waliouliza vivyo hivyo. Waisraeli jangwani waliambiwa waokote mana ya siku moja, wasiweke akiba mpaka asubuhi. Wapo walioweka. Ikaoza, ikaingia mabuu, na Musa akawakasirikia. Tunaomba msomaji asituelewe vibaya: hatudai kwamba Mungu aliitia sheria ya mana ndani ya chembe ili atuhubirie. Chembe ilikuwako ikivunja na kujenga kabla hajakuwako mtu wa kuhubiriwa. Tunasema tu kwamba mtu anayesali kila siku kuomba riziki ya siku hiyo, na anayejiona ana imani ndogo kwa sababu ya jana haikumtosha leo, akisikia habari hizi atalala na moyo mwepesi kidogo. Nuru ya jana haikukusudiwa kutosha leo.

Tunajua pingamizi linalokuja hapa, maana tumelisikia katika vikundi vya kujifunza Biblia na hata barazani. Linakuja kutoka pande mbili. Upande mmoja husema: mkishaeleza kila kitu kwa lusiferasi na vifuko, Mungu anabaki na kazi gani? Upande wa pili, ambao siku hizi una vijana wengi wasomi, husema jambo lilelile kwa furaha: imeshaelezwa, basi Mungu aondoke. Pande hizi mbili hazipendani, lakini zinakubaliana juu ya kitu kimoja, kwamba Mungu anaishi katika mambo yasiyoelezeka tu. Sisi hatukubaliani nazo zote mbili.

Yeremia, katika sura ya 33, alipotaka kuwahakikishia watu walioiona Yerusalemu ikizingirwa kwamba Mungu hatavunja neno lake kwa Daudi, hakutaja muujiza. Alitaja jambo la kawaida kuliko yote: mchana huja kwa wakati wake, na usiku kwa wakati wake, na jambo hilo akaliita agano. Hoja yake ilikuwa kwamba mkiweza kulivunja agano la mchana na usiku, basi ndipo na lile lingine litavunjika. Mabango ya mikutano ya miujiza yamejaa barabarani kutoka Tanga mpaka Pangani, na watu hutoka mbali kuyafuata. Hatuwahukumu wanaokwenda, kwa maana mwenye mtoto mgonjwa huenda popote. Lakini kanisa linalomtafuta Mungu katika yale yanayotokea mara moja tu litamkosa katika yale yanayotokea kila siku, na nabii alimwonyesha hukohuko.

Na hofu ya majini? Hatuiondoi kwa kumwambia mvuvi kwamba hajui kitu. Anajua bahari kuliko sisi. Tunaweza kumwambia kwamba kinachowaka chini ya kasia lake kimeumbwa, kinazaliwa na kufa, hujilisha kwa jua mchana kama mhindi shambani, na usiku humulika kinapoguswa, kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa sababu kimeshtuka. Kinamwogopa yeye kuliko anavyokiogopa.

Kuna kisa kimoja cha nuru hii ambacho hakikutokea pwani yetu, lakini kinafaa kitabu kama hiki. Mwaka 1954 rubani kijana wa jeshi la majini la Marekani, James Lovell, alikuwa akiruka usiku karibu na Japani. Alipotea, hakuiona meli yake ya kutua, na taa za ndani ya ndege zikazimika kwa hitilafu ya umeme. Katika giza hilo kamili aliona chini yake mstari wa kijani ukienda juu ya bahari. Ulikuwa ni viumbe hivihivi, vilivyotikiswa na meli yake ilipopita. Akaufuata, akatua. Kama taa zake zisingezimika asingeuona.

Mtu huyohuyo, miaka 14 baadaye, alikuwa mmoja wa watatu waliouzunguka mwezi katika chombo cha Apollo 8. Mkesha wa Krismasi wa 1968, ulimwengu ukiwa unasikiliza redioni na kutazama televisheni, walisoma kwa zamu mwanzo wa kitabu cha Mwanzo. William Anders alianza, Frank Borman alimaliza. Lovell alipewa sehemu ya katikati, inayoanza na mstari wa tano. Ndio ule tuliouanza nao insha hii, unaoihesabu siku kutoka jioni.

Tukirudi Mkwaja, giza lililoihifadhi nuru hii kuonekana halitakaa hivyo daima. Barabara ya lami inayoiunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo inajengwa, pamoja na daraja la mto Pangani, na sisi tuliosubiri kivuko na mgonjwa mikononi hatuwezi kuilalamikia. Itakuja na umeme, maduka, hoteli, na taa za ufukweni. Kusini kidogo ya Mkwaja, katika ufuko wa Madete ulio ndani ya hifadhi, kasa wa kijani huja kutaga usiku. Mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi, na watoto wa kasa wakitoka mchangani gizani huelekea upande wenye mwanga zaidi. Katika ufuko usio na taa, upande huo ni bahari. Ikiwashwa taa nyuma yao, hugeuka na kwenda nchi kavu, na asubuhi hukutwa na kunguru.

Kwa hiyo makanisa yetu yanayojengwa kando ya pwani hii, pamoja na nyumba za watumishi na kumbi, yafikirie taa zao. Taa ya ulinzi inaweza kufunikwa kwa juu na kuelekezwa chini, upande wa barabara. Taa ya ukumbi inaweza kuzimwa mkutano ukiisha. Na darasa la kipaimara, ambalo kwa kawaida hufundishiwa ndani mchana, linaweza kupelekwa ufukweni usiku mmoja wa mwezi mwandamo, pamoja na mvuvi mmoja wa kijijini wa kuwaonyesha pa kusimama, na kila mtoto apewe nafasi ya kutia mkono majini.